Waya wa Kuazima

Ni lini Dar es Salaam ilianza kuzungumza na ulimwengu kwa waya ulio wake? Swali hili lilinijia majuzi nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katika kibaraza cha fundi simu mmoja wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na mapajani nimepakata kompyuta ambayo, kwa hesabu ya umri wa kompyuta, ni ajuza. Ndani yake mlikuwa na tafsiri zangu za miaka kumi na miwili, wala sikuwa na nakala pengine. Nilivuka kutoka Unguja kwa boti ya asubuhi, na kabla ya jua kuchwa ilinipasa mswada uwe umemfikia mhariri. Fundi, kijana wa umri wa mwanangu, aliniamkia, akatoa simu mfukoni, akaigusa mara mbili tatu, akasema: "Washa, mzee, nakurushia."

Waliotafsiri menyu za simu wametupa "mtandaopepe" na "kusambaza mtandao", maneno mazuri ambayo sijapata kuyasikia sokoni. Sokoni husemwa "nirushie", ama "niwashie hotispoti". Mimi ni mfasiri, na katika jambo hili nawaunga mkono watu wa sokoni, kwani kurusha kuna mrushaji na mdakaji, na mdakaji hana chake mpaka arushiwe. Ndivyo chombo chenyewe kifanyavyo kazi. Simu huzungumza na mnara kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu. Kisha nayo hujifanya mnara mdogo, ikaipa kompyuta anwani ya muda na kuipokelea na kuipelekea kila kitu. Kwa mnara, kompyuta ile haipo. Iliyopo ni simu ya fundi na bando la fundi.

Sasa turudi nyuma. Mnamo Januari 1879 jeshi la Waingereza lilishindwa na Wazulu pale Isandlwana, na khabari ile ilichukua karibu wiki tatu kufika London, maana waya wa simu za maandishi ulikuwa haujafika kusini ya Afrika, ikabidi ichukuliwe kwa meli mpaka kwenye visiwa vya Atlantiki vilivyokuwa na kituo. Aibu hiyo iliharakisha kazi. Kabla mwaka ule haujakwisha, waya ulikuwa umelazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, kisha Msumbiji, kisha Durban. Sayyid Barghash alikuwa kwenye kiti chake. Kwa hivyo kisiwa chetu kiliunganishwa na Ulaya kwa sababu ya vita vilivyopiganwa mbali nacho, na kwa faida ya watu wengine. Jengo la Extelcoms pale Shangani, ambalo sasa ni hoteli ya Serena, ni kumbukumbu ya biashara hiyo.

Dar es Salaam wakati huo haikuwa na kitu. Wajerumani walipoushika mwambao walijikuta na mji mkuu usio na sauti, na mwaka 1890 kampuni hiyo ya Kiingereza ikawalazia waya kutoka Unguja hadi Bagamoyo na Dar es Salaam. Hebu tulitazame jambo hili vizuri. Dola ya Ujerumani, yenye kiburi chake chote, ilikuwa ikipeleka amri na ripoti zake kupitia kisiwa kilichokuwa chini ya ulinzi wa mshindani wake. Ilikuwa imerushiwa. Sisemi haya kwa majivuno ya kisiwani. Kusema kweli Unguja nayo haikuwa na waya, ilikuwa imekaa tu mahali waya ulipopita.

Agosti 1914 vita vilipoanza, ule waya haukuwafaa Wajerumani tena, kwani ncha yake ya pili ilikuwa mikononi mwa adui. Walikuwa wamejenga mnara wa redio mjini. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza, Astraea, ikaja kuupiga mizinga, na Wajerumani wenyewe wakauangusha usije ukatekwa. Waingereza walipoutwaa mji Septemba 1916, kile kiwanja cha soko wakakifanya kambi ya Carrier Corps, jeshi la wapagazi, na ndimi za watu zikalizungusha jina hilo hadi likawa Kariakoo. Mimi hukumbuka kila nipitapo hapo kwamba mtaa huu wa simu umepewa jina na watu waliobeba mizigo ya wengine kichwani, na wengi wao hawakurudi makwao.

Kuhusu miaka ya katikati sina mengi. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, marufuku iliyolegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980. Televisheni nayo Bara haikuwako hadi 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Wako wanaoicheka marufuku ile. Mimi siicheki sana: nchi maskini ilikuwa imenunua mashine za gharama kubwa ambazo hazikufanya kazi iliyoahidiwa. Ila matokeo yake ni kwamba kizazi kizima, changu mimi, kilikutana na kompyuta kikiwa tayari na ndevu.

Tulikutana nayo katika vyumba vya intaneti. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, mitaa ya kati ya Dar es Salaam, Samora, Zanaki, Jamhuri na jirani zake, ilijaa vyumba vyenye kompyuta nane au kumi, feni moja, na kijana mwenye daftari aliyeandika saa ya kuingia na saa ya kutoka. Intaneti ilitoka angani kwa setilaiti, ghali na ya kukatikakatika. Mtu alikuwa akiandika barua yake kwenye karatasi nyumbani ili asipoteze dakika za kulipia akifikiri. Mashairi yangu kadhaa yalipita njia hiyo, na naungama kuwa ule ubahili wa dakika ulinifunza kufuta maneno ya ziada.

Tarehe 23 Julai 2009 waya wa SEACOM ulizinduliwa, na Dar es Salaam ikiwa moja ya vituo vyake. Mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Kariakoo ikafurika modemu, vile vijidude vya kuchomeka ubavuni mwa kompyuta, kila kimoja kimefungwa kwa kampuni yake, na mafundi wakawa na kazi ya kuvifungua vikubali laini yoyote. Ndio wakati ule neno kuchakachua lilikuwa katika kila kinywa. Lakini mwaka huohuo wa 2010 simu za Android zilipewa uwezo wa kurusha mtandao bila ya kifaa kingine. Modemu zikaanza kubaki kwenye vioo vya maduka. Vyumba vya intaneti vikageuka kuwa vya kutolea kivuli, au maduka ya simu. Kilichopotea hapo ni mahali pa kukaa na wageni. Kilichopatikana ni kwamba tukarudi kwenye kuombana.

Na kuombana kuna hatari zake. Kompyuta haijui kuwa iko ugenini. Ikishaunganishwa hudhani imo ofisini kwenye waya usio na kikomo, ikaanza kujipakulia masasisho yake kimyakimya, na bando la wiki la mwenye simu likaliwa wakati mgeni anasoma barua moja. Ajuza wangu hana tabia hiyo. Alikuja na Windows XP, ambayo huduma yake ilikoma Aprili 2014, na baadaye nikawekewa Linux. Nakumbuka nilivyofurahi nilipojua kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimetoa tangu 2004 programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili, Jambo OpenOffice; kazi kubwa ambayo, kwa rai yangu, haikupata wasomaji iliyostahiki.

Siku ile Kariakoo, basi, kompyuta yangu haikuiona simu ya fundi. Iliona majina ya simu za jirani, lakini ile hasa haikuiona. Fundi akacheka. Simu yake ilikuwa ikirusha kwenye masafa ya gigahezi 5, na mashine za umri wa yangu husikia 2.4 tu. Akaiteremsha. Jina likatokea, nikaandika nywila, tukaungana. Hata hivyo kila ukurasa niliofungua ulikataa, ukisema hauaminiki.

Tukiwa tunahangaika, mteja mwingine aliyekuwa akisubiri kioo chake alitia neno: huenda waya wa baharini umekatika tena. Alikuwa akikumbuka Mei 2024, SEACOM na EASSy zilipokatika kwa pamoja baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi yetu ikawa katika zilizoumia zaidi. Ni upande uleule wa bahari ulikopita waya wa 1879 kuelekea Durban. Mwingine akasema kwa sauti ya chini kwamba kukatika si kwa baharini tu, akataja uchaguzi wa Oktoba 2025, nchi nzima ilipokaa siku kadhaa bila ya intaneti. Hakuna aliyeongeza neno. Siku zile, mwenye simu na aliyeombwa arushe walikuwa sawasawa.

Fundi alikuwa ameinama juu ya skrini yangu. "Mzee," akasema, "kompyuta yako ipo mwaka gani?"

Nikatazama pembeni chini. Ilikuwa tarehe 1 Januari 2007. Kijibetri cha saa, cha duara mithili ya sarafu, kilikuwa kimekufa, na kila nikizima mashine hurudi hapo. Tovuti huonyesha hati zenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, naye ajuza, akiwa 2007, aliziona zote zimeandikwa kwa siku ambazo bado hazijaja, akazikataa. Alikuwa na haki yake.

Fundi akafungua parafujo, akabadili kijibetri, akaweka tarehe ya leo. Mswada ukaanza kwenda. Ulipofika karibu na nusu simu yake ikaita, na alipokuwa akizungumza na mteja wake kila kitu kikasimama. Nami nikangoja, nikitazama mstari ule usiosogea, mpaka alipomaliza mazungumzo yake. Ukaendelea, ukafika.

Nilipouliza gharama, alinitajia bei ya betri. Bando hakulitaja.