Ukomo wa muda katika madai ya fidia ya kifo

Pale Uyole, barabara ya Tukuyu na Kyela inapoachana na barabara kuu iendayo Makambako na Iringa, malori hupita usiku na mchana. Si vigumu kukutana na familia iliyomzika dereva, utingo, fundi au mlinzi aliyefia kazini. Bahasha zao za kaki hufanana: cheti cha kifo kutoka RITA, muhtasari wa kikao cha familia, barua ya mtendaji, hati ya mshahara wa mwisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Ofisa anayeipokea husoma kwanza tarehe ya kifo, kisha hutazama kalenda.

“Pole sana, mama. Mbona mmechelewa hivi?”

“Tulikuwa tunasubiri mirathi ikamilike, mwanangu.”

Jibu hilo husikika mno, na ndilo linalozifikisha familia nyingi kwenye istilahi ambayo hazikuwahi kuifikiria: ukomo wa muda.

Kisheria, ukomo wa muda ni kipindi ambacho mtu mwenye dai anapaswa kulipeleka panapohusika. Kikipita, dai lake linahesabiwa kuwa limeletwa nje ya muda. Tanzania Bara ina sheria nzima juu ya jambo hili, Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, iliyotungwa mwaka 1971. Jedwali lake linatoa miaka 12 kwa madai ya ardhi, 6 kwa mikataba na 3 kwa madhara yasiyotokana na mkataba. Anayedai fidia kwa sababu ya jambo lililofanywa, au lililoachwa kufanywa, kwa mamlaka ya sheria iliyoandikwa amepewa mwaka 1 tu. Na anayetaka kuishtaki Serikali sharti kwanza atoe notisi ya siku 90. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, notisi hiyo inahusu pia halmashauri, wakala na mashirika ya umma. Kwa hiyo mjane mwenye dai dhidi ya chombo cha dola ana muda mfupi kuliko jirani yake anayegombea mpaka wa shamba la viazi. Hilo peke yake linatosha kumfanya mtu aulize mizani ya sheria ilipangwaje.

Istilahi yenyewe imekaa vizuri katika Kiswahili, ila inataka kusomwa yote. Kinachokoma ni muda. Mtaani watu huikata, wakasema “haki yake imekoma”, na hapo maana inahama. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri dhidi ya Chuo Kikuu cha Makerere lililoripotiwa mwaka 1972, ililieleza vizuri: sheria ya ukomo haiui dai lenyewe, inazuia nafuu ambayo mdai anaiomba mahakamani. Aliyekopesha bado anadai. Ila mahakama haitamsaidia kukusanya.

Sheria za fidia ya kifo mara nyingi huenda mbali zaidi. Zinaufanya muda kuwa sehemu ya masharti ya kustahili, kiasi kwamba ukipita, haki nayo inaondoka. Sheria ya Kenya ya Mafao ya Madhara ya Kazini ya mwaka 2007 inaonyesha hali zote mbili zikiwa jirani. Kifungu cha 26 kinataka dai liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali au, kama mtu amefariki, tangu siku ya kifo. Kifungu cha 27 kinasema haki ya mafao inakoma iwapo mwajiri hakuarifiwa ndani ya miezi 12, kisha kinatoa ahueni: kutoarifu hakumnyimi mtu fidia ikithibitika kwamba mwajiri alikwisha kujua habari za ajali kwa njia nyingine. Ninaipenda sana ahueni hiyo. Mwajiri aliyetuma gari na jeneza msibani hawezi kusimama baadaye akasema hakuarifiwa.

Kwa sababu hiyo ninapendekeza waandishi na wakalimani wetu wa mahakamani watumie istilahi mbili. Ukomo wa muda ubaki kwa kizuizi cha kwenda mahakamani. Pale sheria inapoifuta stahiki yenyewe, tuseme ukomo wa haki. Tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, tofauti hii imekuwa kazi ya kila siku. Mdai anayeambiwa “umechelewa” ana haki ya kujua ni mlango uliofungwa au ni stahiki iliyokwisha, kwa maana mlango unaweza kuombewa ufunguliwe.

Bara, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008 ndiyo iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi. Nako taarifa ya ajali, ugonjwa au kifo kilichotokana na kazi inatakiwa ifike ndani ya miezi 12. Miezi 12 inaonekana mingi kwa aliye ofisini. Kwa familia iliyofiwa, matanga huchukua sehemu yake, arobaini inafuata, watoto wanahamishwa kwa bibi, mwajiri anatoa ahadi kwenye simu, kikao cha ukoo kinaahirishwa kwa sababu baba mdogo hajafika kutoka Tunduma, na Mahakama ya Mwanzo nayo ina tangazo lake la kubandikwa kabla ya kumteua msimamizi. Mwaka unakatika bila mtu yeyote kuwa mvivu.

Na hapa ndipo kosa la mama yule wa mfano lilipo, kosa ambalo halikuwa lake. Mafao ya kifo kazini ni ya wategemezi, yaani mjane au mgane, watoto na wengine waliokuwa wakimtegemea marehemu. Mirathi ni habari ya warithi na mali aliyoiacha. Mara nyingi watu ni walewale, ndiyo maana maneno haya huchanganywa, lakini saa zao ni mbili tofauti. Mirathi ina uvumilivu: hata maombi yakifunguliwa Mahakama Kuu baada ya miaka 3 tangu kifo, kanuni zinamtaka mwombaji aeleze tu sababu ya kuchelewa. Saa ya fidia haisubiri. Familia inayotanguliza jambo lenye uvumilivu na kuliacha nyuma lile lisilosubiri imeponzwa na mtu aliyewaambia “kamilisheni kwanza mirathi” bila kuwaeleza lolote juu ya kutoa taarifa.

Aliyechelewa ana njia gani? Istilahi yake ni kuongezewa muda, na shina lake ni sababu ya kutosha. Kifungu cha 14 cha Sura ya 89 kinaipa mahakama uwezo huo kwa rufaa na maombi. Katika shauri la Lyamuya Construction, Maombi Na. 2 ya 2010, Mahakama ya Rufani iliweka vigezo vinavyotajwa hadi leo: mwombaji aeleze kipindi chote alichochelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, aonyeshe juhudi na si uzembe, na pia mahakama inaweza kuangalia sababu nyingine nzito, kama vile uharamu katika uamuzi unaopingwa. Kabla ya hapo, katika Maombi Na. 3 ya 2007, Mahakama hiyo ilikwisha kusema kwamba hata siku moja ya kuchelewa lazima itolewe maelezo. Mwambie mjane aeleze siku moja moja ya mwaka wake wa kwanza wa ujane! Kanuni hiyo inamfaa wakili mwenye shajara mezani. Kwa mtu aliyefiwa, mahakama ingepaswa kutazama kipindi kwa jumla.

Kwa kesi mpya ya madai mambo ni magumu zaidi, na wachache wanajua. Hapo mahakama haina uwezo wa kuongeza muda. Kifungu cha 44 kinamwachia Waziri mwenye dhamana ya sheria, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu, naye hawezi kuzidisha nusu ya kipindi kilichowekwa. Na kifungu cha 3 kinaiagiza mahakama iitupe kesi iliyoletwa nje ya muda hata kama mdaiwa hakulalamika. Magazeti huandika “yatupiliwa mbali” kwa kila kesi iliyokwama, ilhali kesi iliyoondolewa kwa dosari za kiutaratibu inaweza kurudi, na hii iliyotupwa kwa ukomo hairudi.

Si kila nchi imechukua mkondo huo. Waathirika wa mashambulio ya balozi za Marekani ya Dar es Salaam na Nairobi, 7 Agosti 1998, waliishtaki Sudan katika mahakama za Marekani, ambako sheria inatoa miaka 10. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya Washington iliamua kwamba ukomo ule ni utetezi wa mdaiwa. Kwa kuwa Sudan haikuutoa mapema, ilikwisha kuupoteza. Kwetu, ukimya wa mdaiwa haumsaidii mdai hata kidogo.

Watoto nao sheria imewakumbuka. Kifungu cha 15 cha Sura ya 89 kinasema aliye chini ya umri dai linapozaliwa, muda wake huanza kuhesabiwa kizuizi hicho kinapoondoka, na kifungu cha 46 kinaruhusu masharti hayo kutumika hata pale ukomo umewekwa na sheria nyingine, isipokuwa sheria hiyo ikielekeza vinginevyo. Iwapo kinga hiyo inafika hadi kwenye dai lililo mbele ya mfuko, ambao si mahakama, ni hoja ambayo wakili wa mtoto anapaswa kuipigania, kwa kuwa mtoto wa miaka 4 hakupanga kikao cha ukoo wala hakukiahirisha.

Wakati hoja hiyo ikisubiri, kuna jambo linaloweza kufanyika wiki ileile ya msiba. Taarifa ni barua ya ukurasa mmoja: jina la marehemu, mwajiri wake, siku na mahali alipofia, na kazi aliyokuwa akiifanya. Nakala moja iende kwa mwajiri, nyingine kwenye mfuko, na ya tatu irudi nyumbani ikiwa na muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Vielelezo vingine vitafuata.