Kutia kitambaa cha pamba rangi ya mimea ili kujikinga na jua

Huku kwetu Lushoto kuna ubaridi, lakini jua linaunguza. Mji uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 mionzi inayodhuru ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10. Fulana nyepesi nyeupe ya pamba hupitisha sehemu moja kati ya 5 hadi 7 ya mionzi hiyo. Ikilowa jasho, hupitisha zaidi.

Rangi za mimea yenye tanini husaidia, maana tanini hunyonya mionzi. Tunayo tele kwenye magome ya miwati na kokwa za maparachichi. Usimbandue muwati uliosimama, utakauka. Chukua magome ya iliyokatwa kwa kuni. Katakata, chemsha saa moja, chuja. Osha kitambaa kwa sabuni, kiloweke kwenye maji moto yenye shabu, kisha kichemshe ndani ya rangi kwa moto mdogo na kukiacha kilale humo. Rangi iliyokolea hukinga kuliko iliyofifia.

Kwanza, lakini, kiinue kitambaa juani. Ukiona mwanga kwenye matundu, tafuta kilichofumwa kwa kubana. Rangi haizibi matundu.

Msikilizaji mwenye ualbino asitegemee nguo hii peke yake, kwani rangi ya nyumbani haijapimwa. Avae mikono mirefu na kofia pana, apake mafuta ya kukinga jua kama Kilisun, yaliyoanzishwa KCMC Moshi. Kidonda cha ngozi kisichopona kionwe hospitali mapema.