Lenzi iliyoipumzisha flashi

Wadau, aliyewahi kupiga picha ya habari ukumbini usiku anaijua adha ya flashi. Sura zinang'aa kama zimepakwa mafuta, nyuma kote kiza, na kila mtu anageuka kukutazama. Tukio ulilolifuata limeshaharibika!

Ndiyo maana naiheshimu Nikkor 35mm f/1.4, lenzi pana ambayo Nikon waliitoa mwaka 1971. Haikuwa kazi rahisi. Kamera ya rifleksi ina kioo kinachopanda na kushuka mbele ya filamu, kwa hiyo lenzi lazima ikae mbali. Mfaransa Pierre Angénieux alilitatua hilo mwaka 1950, ila lenzi yake ya 35mm iliishia f/2.5. Nikon walipanga vipande 9 vya kioo, wakavipaka tabaka za kupunguza mng'ao, wakafika f/1.4. Huo ni mwanga zaidi ya mara 3. Pale ulipohitaji 1/20 ya sekunde, unapiga kwa 1/60, bila stendi.

Za mwanzo zilitumia kioo chenye thoriamu, ambacho hugeuka njano kwa umri. Nazipenda hivyo hivyo. Zilimwezesha mpiga picha kuwaonyesha watu katika mwanga aliowakuta nao, na kwetu waandishi hilo ni suala la ukweli.