Sodiamu ya Chembe Nyekundu za Damu na Shinikizo la Damu kwa Wagonjwa wa Figo

Chembe nyekundu ya damu, isiyo na kiini na ambayo umri wake ni takriban siku 120, huelea katika maji ya damu yenye milimoli 140 hivi za sodiamu kwa lita, ilhali ndani yake sodiamu ni kama 10 tu. Tofauti hiyo hudumishwa na pampu iliyomo katika utando wake, ambayo kila mara hutoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu. Kimeng'enya kiiendeshacho kilibainishwa mwaka 1957 na Jens Christian Skou wa Denmark, aliyekuwa akichunguza neva za kaa, naye akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997.

Kabla yake, mwaka 1953, Hans Jürgen Schatzmann wa Uswisi alikwisha kuonyesha kwamba dawa fulani za moyo huizuia kazi ya pampu hiyo katika chembe nyekundu. Mojawapo ya dawa za jamii hiyo ni wabaini, sumu ya mti wa msungu, ambao Wata, wawindaji mashuhuri wa nyika za Kenya, walichemsha vipande vyake hata maji yakakauka na kubaki utomvu mweusi mzito wa kupaka mishale ya ndovu.

Katika miaka ya 1960, Louis Welt na wenzake wa Marekani waliona kwamba kwa baadhi ya watu ambao figo zao zimeshindwa kazi, chembe nyekundu zilijaa sodiamu kupita kiasi na pampu ikawa dhaifu. Ndipo ikaja dhana, iliyoenezwa na watafiti de Wardener na MacGregor mwaka 1980, kwamba mwili uliolemewa na chumvi hutoa kitu kifananacho na wabaini. Kitu hicho huzuia pampu hata katika misuli ya mishipa, kalsiamu ikazidi humo, mishipa ikabana, na shinikizo likapanda.

Dhana hii ni nzuri, lakini haijakata shauri. Chembe nyekundu haina msuli wa kubana chochote: ni shahidi wa yale yapitayo kwingineko, wala si mkosaji. Aghalabu shinikizo la mgonjwa wa figo hutokana na chumvi na maji yasiyopata njia ya kutoka. Kwa hiyo, mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine hupimwa uzito na shinikizo kabla na baada ya kusafishwa, huondolewa maji yaliyozidi wakati wa kusafishwa, na huagizwa apunguze chumvi, ilhali sodiamu ya chembe zake haipimwi katika tiba ya kila siku.