Swichi ya analogia kwa ishara za chini ya graundi

Swichi ya analogia ni saketi ya transista inayopitisha au kukata ishara ya umeme kwa amri ya volti, bila kiungo kinachosogea kama cha relei. Ishara nyingi, sauti ya maikrofoni ikiwamo, hupanda juu ya graundi kisha hushuka chini yake. Mafundi wengi huchagua swichi kwa kuangalia ukinzani wake kwanza, ilhali kinachoamua ni pini ya volti ya chini kabisa.

Kasoro ya chipu ya kawaida

CD4066, ya familia ya 4000 iliyoanzishwa na RCA ya Marekani mwaka 1968, ina swichi nne na pini mbili tu za umeme, VDD na VSS. Ishara sharti ibaki kati ya hizo mbili. VSS ikiungwa na graundi, wimbi likashuka takriban nusu volti chini yake, dayodi za kinga zilizomo ndani huanza kupitisha mkondo. Tumbo la wimbi hukatwa, sauti hukwaruza, na hata swichi iliyozimwa huvujisha. Mkondo ukizidi, chipu inaweza kuungua.

Uchaguzi

Chipu za CD4051, CD4052 na CD4053 zina pini ya tatu ya umeme, VEE. VDD ikiwa +5, VSS 0 na VEE −5, hupitisha ishara za kuanzia volti −5 hadi +5, na amri hubaki za volti 0 na 5. Volti −5 hutengenezwa kwa chipu ya ICL7660 na kapasita mbili. Kwa mitambo ya volti ±15, swichi ya DG411 ni imara zaidi, na ukinzani wake ni takriban omu 25.

Swichi ya TS5A22362 hupokea ishara hasi bila umeme hasi, ila ina mtego: kikomo chake cha chini ni volti ya umeme ukitoa 5.5. Ikipewa 3.3 hufika −2.2, ikipewa 5 hufika −0.5 tu. Anayeiongezea umeme kwa nia njema huiharibia kazi.

Kapasita na rezista mbili pia huweza kuinua ishara hadi nusu ya volti ya umeme. Ni njia rahisi, lakini haifai kwa ishara zinazobadilika polepole mno.

Eldoret

Jijini Eldoret ishara hizi ziko katika mixa za makanisa, katika vipimo vya mkondo wa umeme wa volti 240, na katika mashine za kupima moyo hospitalini. Pigo la moyo ni takriban milivolti 1, lakini elektrodi huweza kuongeza hadi milivolti ±300. Zikikuzwa mara 10 tayari ni volti ±3, na CD4066 iliyoungwa na graundi haifai.

Matumizi ya sasa

Vidhibiti vidogo (maikrokontrola) vingi vya kisasa vina swichi hizi ndani yake, lakini nyingi kati ya hizo hazipokei ishara hasi. CD4053 ingali inatengenezwa na Texas Instruments.