Mjamzito na mafuta ya karafuu
Kisiwani Pemba, makonyo na majani ya mkarafuu hupitishwa kwenye mvuke kutoa mafuta yanayouzwa kwa chupa ndogo. Wengi tunayajua kama dawa ya jino. Ukiwa mjamzito usiyanywe hata tone, kwani yakizidi huumiza ini. Karafuu mbili tatu kwenye chai ni jambo jingine. Mafuta ni makali mno. Miezi mitatu ya kwanza ni bora uyaache kabisa. Baadaye, ukitaka kukandwa mgongo, muulize kwanza mkunga, kisha changanya tone moja na kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi. Usipake tumboni. Na ukiwa na homa, usijifukize ukingoja ipungue: wahi kituo cha afya ukapimwe malaria.