Jiwe Laini na Jina la Mchongaji

Zinapotajwa habari za Wahindi katika Kenya, watu wengi hukumbuka mambo mawili tu: reli na duka. Ni kweli kwamba wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901. Na nyuma yao walikuja wenye maduka, wakaenea hata Kisii. Lakini watu hao hawakutoka katika nchi isiyo na historia. Mababu zao walikuwa mafundi wakubwa wa mawe na wa muziki. Kazi zao zatuhusu sisi tukaao Ogembo, kwa kuwa nchi yetu ya Gusii nayo ina wachonga mawe na wapiga nyuzi.

Na tutazame kusini mwa Bara Hindi, katika jimbo liitwalo leo Karnataka. Huko walitawala wafalme wa ukoo wa Hoysala. Mwaka 1117 mfalme Vishnuvardhana, akiisha kuwashinda jirani zake Wachola, alisimamisha hekalu la mungu Vishnu mjini Belur. Miaka michache baadaye kazi nyingine ilianzishwa Halebidu, uliokuwa mji mkuu, kumjengea mungu Shiva. Kisha, mwaka 1258, jemadari mmoja aliyeitwa Somanatha alijenga hekalu la tatu katika mji uliochukua jina lake, Somanathapura. Mwaka 2023 UNESCO iliyatia mahekalu hayo matatu katika orodha ya urithi wa dunia.

Ni kitu gani kilichoyafanya yasifiwe hivyo? Si ukubwa wake. Hekalu la Thanjavur, alilolijenga mfalme Rajaraja wa Wachola na kulimaliza mwaka 1010, lina mnara wa zaidi ya mita 60, na linayapita yote hayo kwa kimo. Lakini Thanjavur ilijengwa kwa itale, mwamba mgumu usiokubali urembo mwembamba. Mafundi wa Hoysala walichagua jiwe jingine, jamaa ya lile jiwe la sabuni tulijualo sisi. Jiwe hilo likitoka machimboni huwa laini, nalo huzidi kuwa gumu likikaa hewani. Kwa hiyo fundi aliweza kuchonga ushanga mmoja mmoja shingoni mwa sanamu, na kucha za vidole. Chini ya kuta za Halebidu imepangwa mistari ya tembo, simba, na wapanda farasi, safu juu ya safu. Nguzo za ndani ni za mviringo na zinang'aa kama zilizokerezwa.

Msomaji atazamaye kuta hizo ataona pia wapiga ngoma, wapuliza filimbi, na wanawake wachezao. Hilo si pambo tu. Hekalu lilikuwa mahali pa ibada, na muziki ulikuwa sehemu ya ibada hiyo. Malkia Shantala, mkewe Vishnuvardhana, alisifiwa katika maandishi ya mawe kwa ujuzi wake wa kuimba na kucheza. Huko Thanjavur maandishi ya ukutani yanataja wachezaji wanawake 400 waliopewa nyumba na posho ili walitumikie hekalu; nao hawakuhesabiwa kama mifugo, bali waliandikwa kila mmoja kwa jina lake.

Muziki wenyewe una misingi miwili. Wa kwanza huitwa raga. Raga si wimbo. Ni mpango wa sauti, unaoeleza ni sauti zipi kati ya zile saba zitumike, zipande vipi, zishuke vipi, na ipi itiliwe mkazo. Mwimbaji hukaa ndani ya mpango huo na kubuni yake papo hapo. Msingi wa pili ni tala, yaani mzunguko wa mapigo, kama vile manane au kumi na sita, unaorudi tena na tena mpaka mwisho. Mwanafunzi hujifunza kwa kumsikiliza mwalimu wake miaka mingi. Hata hivyo, katika karne ya 13 mtaalamu Sarngadeva, aliyeishi Devagiri, aliyakusanya maarifa hayo katika kitabu cha sura saba, *Sangita Ratnakara*, nacho husomwa hata leo.

Ufalme wa Hoysala haukudumu. Mwaka 1311 jeshi la Delhi, likiongozwa na Malik Kafur, liliushambulia mji mkuu, na kabla karne ile haijaisha ufalme ulikuwa umetoweka. Lakini ustadi wa Bara Hindi haukufa. Hekalu la Swaminarayan lililofunguliwa Nairobi mwaka 1999 lilijengwa kwa mawe yaliyochongwa na mafundi huko Bara Hindi, kisha yakaletwa kwa meli. Na Mwambao, katika taarabu ya Mombasa, tabla na mahadhi ya Kihindi yamekwisha kuwa mali ya Waswahili wenyewe.

Sasa turudi nyumbani. Huko Tabaka, katika nchi iyo hiyo ya Gucha, wachongaji hulikata jiwe la sabuni kwa panga na kisu, hulisugua kwa msasa na maji, kisha hulipaka nta ling'ae. Vitu vyao hufika Ulaya na Marekani. Wapiga obokano nao wana chombo cha nyuzi nane chenye mvumo mzito, nao hupokezana mafundisho kwa sikio, kama wafanyavyo wanafunzi wa raga. Basi kwa mkono na kwa sikio hatukupungukiwa na kitu.

Tulichopungukiwa ni daftari. Huko Somanathapura mchongaji mmoja, Mallitamma, alitia jina lake chini ya sanamu nyingi alizozichonga. Wafalme wake wamesahauliwa na wengi, lakini yeye angali akijulikana baada ya miaka zaidi ya 750. Vinyago vingi vya Gusii, kinyume chake, huvuka bahari bila jina la fundi, na mnunuzi hajui kama ni kazi ya mtu mmoja au ya kumi. Mzee wa obokano naye akifariki bila mwanafunzi, nyimbo zake huzikwa pamoja naye. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana wa sekondari ana kalamu, na wazee hao wangali hai. Na awaulize majina yao, majina ya walimu wao, na namna ya kazi yao, kisha aandike.